Mtoto mzito mgongoni: maumivu yanatoka wapi na yanarekebishwa vipi

Mtoto wa kiume wa mwaka 1 aliye katikati ya chati ya Shirika la Afya Duniani ana kilo 9.6, na wa kike ana kilo 8.9. Aliyenona, akiwa mzima kabisa, anaweza kufika kilo 12 kabla hajajua kutembea. Hapo ndipo wazazi wengi hukata tamaa na mbeleko: bega linawaka, kiuno kinakataa, mtoto anashuka kila baada ya hatua chache. Kisha zinatafutwa fedha za kununua kibebeo kipya, na mara nyingi maumivu yanabaki palepale.

Uzito peke yake hauelezi maumivu hayo. Ndoo ya lita 20 inafika nyumbani kichwani kwa sababu imesimama wima juu ya uti wa mgongo. Mtoto wa kilo 10 aliyelegea mgongoni anavuta nyuma na chini kwa wakati mmoja, na misuli ya kiuno ndiyo inayopigana naye njia nzima. Kwa hiyo karibu kila dalili iliyo hapa chini inaanzia kwenye kikalio, yaani namna kitambaa kinavyomkalisha mtoto. Kikague kwanza, pesa baadaye.

Ukaguzi wa kwanza

Mbebe mtoto kama kawaida, kisha simama ubavu ukiangalia kioo, au mwombe mtu akuangalie. Makalio ya mtoto yawe pale kiuno chako kinapoingia ndani, juu ya makalio yako mwenyewe. Yakiwa chini ya hapo, ameshuka. Magoti yake yawe juu kuliko makalio, mapaja yamekumbatia mbavu zako, na kitambaa kimembeba kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili. Kifua chake kiwe kimegusana na mgongo wako. Huyo anayekusaidia aingize kiganja kati yenu: kiganja kikipita kwa kubanwa ni sawa, ngumi ikipita mbeleko imelegea.

Sentimita chache hapa zina gharama kubwa. Tuchukue mtoto wa kilo 11. Kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 10 nyuma ya uti wako wa mgongo, misuli inafanya kazi fulani kumzuia. Akilegea kikasogea hadi sentimita 16, kazi hiyo inaongezeka kwa asilimia 60, na mtoto hajaongezeka hata gramu moja.

Jambo jingine la kuangalia ni umri. Mtoto wa miezi 4 mwenye kilo 8 anaonekana mkubwa na watu watakuambia anaweza kubebwa vyovyote, lakini shingo na mgongo wake bado ni vya miezi 4. Uzito unaamua aina ya kitambaa. Namna ya kumbeba inaamuliwa na uwezo wake wa kushika shingo na kukaa.

Dalili: mtoto anashuka

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na mengi yanayofuata yanatokana nalo. Sababu ya kawaida ni kwamba kitambaa kimemzunguka mtoto bila kumkalisha. Amebanwa mgongoni tu, chini hakuna kitu kilichomshika, na uzito unapofika kilo 9 au 10 msuguano peke yake hautoshi.

Mbeleko ya mgongoni inayofungwa kifuani, ile inayomudu mtoto mzito, inafungwa hivi. Simama karibu na kitanda, ili akiponyoka aangukie godoro. Siku za mwanzo awepo mtu mzima mwingine pembeni. Inama mpaka mgongo uwe karibu sambamba na sakafu, magoti yamekunjwa kidogo. Mpitishe mtoto kutoka kwenye nyonga hadi mgongoni, mkono mmoja usimwache. Mpandishe juu kuliko unavyodhani inafaa, kwa sababu kitambaa kikikaa atashuka sentimita 3 au 4.

Tandaza kanga au kitenge juu yake. Kwenye kanga pindo linakusaidia: pindo la juu lipite chini ya kwapa zake kama yuko macho na ameshakaa mwenyewe, au lifike mabegani kama ni mdogo au anasinzia. Vuta ncha mbili za juu kuja mbele, ziweke juu ya matiti, zibane kwa kidevu au kwa makwapa. Sasa ndiyo hatua inayorukwa: chukua pindo la chini, lipitishe chini ya makalio ya mtoto, uliingize katikati ya tumbo lake na mgongo wako kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, kutoka goti hadi goti. Huo mfuko ndio kikalio. Inua magoti yake kwa mikono yote miwili ukiyasukuma kuelekea juu, makalio yazame ndani ya mfuko. Kaza tena ncha za juu, funga, kisha vuta ncha za chini uzifunge kiunoni kwa mbele.

Inuka taratibu. Tikisa mwili mara mbili tatu huku mkono mmoja uko chini ya makalio yake. Tembea ndani kwa dakika 5, halafu fungua fundo la juu ukiwa umeinama na ulikaze upya. Hakuna kitambaa kinachokaa sawasawa mara ya kwanza, hata kwa mfungaji hodari.

Fundo lenyewe lina namna yake. Ncha ya kulia ipite juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya kulia. Fundo linalala bapa na linajibana kadiri linavyovutwa. Ukirudia upande uleule mara mbili, fundo linajipinda na linalegea polepole bila wewe kujua. Kusokota na kuchomeka ncha, kama wengi wanavyovaa kanga nyumbani, kunatosha kwa nguo ya kujifunga. Kwa mtoto wa kilo 10 hakutoshi.

Kama kikalio kiko sawa na bado anashuka, pima urefu. Kanga nyingi zina urefu wa takriban sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe kifuani kwako mtoto akiwa mgongoni, kisha ongeza sentimita 40 za fundo. Ukipata mzunguko wa sentimita 130, unahitaji 170. Kanga inakuachia sentimita 10 kila upande, fundo linakuwa dogo na lenye wasiwasi. Kosa hapo ni kupunguza mvutano ili ncha zifike. Badala yake tumia kitenge cha yadi 2, ambacho ni sentimita 183, au yadi 2 na nusu, sentimita 229, ikiwa una mwili mpana au unapitisha begani.

Kinachobaki ni utelezi. Vitenge vingi vya bei nafuu vina poliesta, na poliesta haishiki. Chomoa nyuzi chache pembeni uzichome: pamba inaungua ikanuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka ikaganda kuwa punje ngumu. Kitenge kipya cha pamba nacho huwa na wanga unaokifanya kikakamae na kuteleza, kwa hiyo kifue mara 2 au 3 kwanza. Angalia pia nguo zenu. Blauzi ya satini kwako na suruali ya nailoni kwa mtoto vinaweza kuharibu mbeleko iliyofungwa vizuri kabisa.

Dalili: kifua kinabanwa, matiti yanauma

Hapa kitambaa cha juu kimekunjwa kikawa kamba nyembamba inayokata katikati ya matiti. Kwa mama anayenyonyesha si usumbufu tu: mgandamizo wa muda mrefu sehemu moja unazuia maziwa kutoka, titi linapata uvimbe mgumu, na linaweza kuishia kwenye homa na uambukizo. Ukiona sehemu ya titi imekuwa nyekundu, ya moto na inauma huku una homa, nenda kituo cha afya, na usiache kunyonyesha kwa kujiamulia.

Marekebisho: kitambaa kipite juu ya matiti kabisa, karibu na makwapa, kikiwa kimetandazwa kwa upana wa angalau sentimita 10. Fundo lihamie pembeni kidogo, lisikae juu ya titi. Kama kifua ni kikubwa na kitambaa hakikubali kukaa juu, acha ufungaji wa kifuani. Mabega yako yabebe, kwa njia iliyoelezwa sehemu inayofuata.

Dalili: bega moja linawaka

Mbeleko ya mshazari, inayopita juu ya bega moja na chini ya kwapa la pili, ni nzuri kwa mtoto mdogo na kwa safari fupi. Kwa mtoto mzito inaweka kilo zote upande mmoja, na shingo inainama upande wa pili kusawazisha. Mbeleko ya pete, ile inayokazwa kwa pete mbili begani, ina tabia hiyohiyo. Hatuzikatai, tunasema dakika 20 hadi 30 kisha ubadilishe bega, na kitambaa kitandazwe mpaka kifunike mfupa wa bega, kisikae shingoni.

Mwenye kumbeba mtoto wa kilo 10 na zaidi kwa saa nzima anahitaji mabega mawili. Si lazima ununue kifaa. Kitenge cha pamba cha yadi 6 kina urefu wa mita 5.5, na upana wake ni kama sentimita 115. Kikate kwa urefu ubaki na upana wa sentimita 75, kipinde pembeni kwa mshono mwembamba, na kipande cha sentimita 40 kinachobaki ni kilemba. Ukiwa na mwili wa wastani mita 4.6 zinatosha, punguza ukishajaribu, usikate kabla.

Namna ya kukifunga: katikati ya kitambaa ikae mgongoni mwa mtoto, tengeneza kikalio kama ilivyoelezwa, ncha zote mbili zipite juu ya mabega yako kama mikanda ya begi la shule. Zirudishe chini ya makwapa kwenda nyuma, zipishane chini ya makalio ya mtoto, kila moja ipite chini ya goti la upande wa pili na kurudi mbele, ufunge kiunoni. Kaza kila ukanda mmoja mmoja kuanzia ukingo wa juu, ule unaopita shingoni kwa mtoto, hadi ukingo wa chini. Ukivuta kitambaa chote kwa pamoja, kingo zinakaza na katikati inabaki imelegea, na mtoto mzito atapata palipolegea ndani ya robo saa.

Vitambaa vinavyonyumbulika kama fulana, vile virefu vinavyouzwa kwa ajili ya watoto wachanga, havina nafasi tena mtoto akikaribia kilo 8 au 9. Vinanyumbulika kwa kila hatua, mtoto anaruka juu na chini, na kukaza zaidi hakusaidii. Visitumike kabisa kumbeba mtoto mgongoni.

Dalili: kiuno kinauma jioni au unapoinuka

Ukiwa na mbeleko ya kitambaa, rudi kwenye ukaguzi wa kwanza. Mara nyingi mtoto ameshuka hadi kwenye makalio yako na wewe unajipinda mbele kumfuata. Ukiwa unambeba mbele, hoja ni nyingine: mtoto wa kilo 9 kifuani anakulazimisha uegemee nyuma, kiuno kinajikunja, na huoni unapokanyaga. Akishashika shingo vizuri na kuanza kukaa, kwa wengi karibu na miezi 6, mhamishie mgongoni.

Kwenye kibebeo cha mikanda, kosa ni la mkanda wa kiunoni karibu kila mara. Watu huufunga tumboni, kwenye kitovu, kwa sababu ndipo wanapofunga sketi au suruali. Uzito hauna mfupa wa kukalia hapo, kwa hiyo unarudi mabegani na kiunoni. Legeza mikanda yote ya mabegani kwanza. Weka vidole juu ya ile mifupa miwili ya nyonga inayojitokeza pembeni, mkanda ukae juu yake kama rafu, ukiwa umelala sawa pande zote, halafu ukaze mpaka hauzunguki ukiusukuma. Ndipo umweke mtoto, na ndipo ukaze mabega. Ukifuata mpangilio huo, ukilegeza mikanda ya mabegani kidogo kwa kujaribu, utahisi sehemu kubwa ya uzito imebaki nyonga. Usipohisi hivyo, mkanda uko juu mno.

Makalio ya mtoto yaning'inie kidogo mbele ya mkanda na kuufunika. Akikalia juu ya mkanda wenyewe, unageuka nje na yeye anasogea mbali nawe. Na kama kibebeo kina vile vikanda vidogo juu ya mabega, vinavyounganisha bega na sehemu ya juu ya kitambaa, vikaze mwisho kabisa. Kazi yake ni kumleta mtoto karibu, na wengi hawajui vipo.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji asiweke mkanda wala fundo juu ya kovu, na asianze kubeba mtoto mzito mpaka kidonda kimepona na mtoa huduma ameridhia. Uzito unaosukuma ukeni, hisia ya kitu kinashuka, mkojo kutoka bila kujizuia, au tumbo kutokeza katikati kama tuta unapojiinua kitandani: hizi ni dalili za misuli ya nyonga na ya tumbo, na hakuna mbeleko itakayozitibu. Punguza muda wa kubeba na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia.

Dalili: ganzi

Vidole vikifa ganzi, mikanda imekaa nje mno, kwenye nundu ya bega, au inakata mbele ya kwapa inapopita mishipa ya fahamu ya mkono. Mkanda wa kifuani unaounganisha mikanda miwili ufungwe usawa wa makwapa, uivute kuelekea katikati kiasi cha upana wa kiganja. Ukiupandisha hadi chini ya koo utakusumbua kupumua. Ukiushusha kwenye matiti hausaidii chochote.

Ganzi au hali ya kuungua upande wa nje wa paja inatoka kwingine kabisa. Mkanda wa kiunoni umebana mshipa wa fahamu unaopita mbele ya nyonga. Upandishe sentimita 2, au uvae juu ya nguo nene kidogo, na pumzika. Ikikaa siku kadhaa, nenda hospitali.

Dalili: miguu ya mtoto ina alama, imepoa au inaning'inia wima

Alama nyekundu nyuma ya goti inayofutika ndani ya dakika chache si tatizo. Inayobaki muda mrefu, au miguu iliyovimba na kubadilika rangi, inaonyesha ukingo wa kitambaa unakata. Tandaza ukingo, mvue suruali yenye mpira mkali.

Miguu inayoning'inia moja kwa moja chini inaonyesha kikalio chembamba. Mtoto amekaa kwenye kinena chake, mapaja hayajabebwa, na kitovu cha uzito kimeshuka. Wazalishaji wa bei nafuu hupenda kikalio cha upana wa kiganja kimoja na nusu. Ili kujua upana anaohitaji, mkalishe mtoto kitandani amechanua miguu magoti yamekunjwa, pima kutoka nyuma ya goti moja, kupita chini ya makalio, hadi nyuma ya goti la pili. Kikalio cha kibebeo kiwe sawa na kipimo hicho au pungufu kidogo. Kikizidi, ukingo unasukuma miguu kunyooka.

Kama kibebeo chembamba ndicho ulichonacho, usikitupe leo. Mtoto akiwa ndani na klipu zote zimefungwa, chukua mtandio wa pamba au kanga iliyokunjwa, ipitishe kwa nje chini ya makalio kutoka goti hadi goti, ncha uzifunge kwenye mkanda wa kiunoni. Magoti yanainuka na utahisi tofauti papo hapo. Mtandio huo ni wa kuinua mapaja tu. Usalama wa mtoto ubaki kwenye klipu.

Dalili: mtoto anajirusha nyuma, au kichwa kinaanguka akilala

Anayejirusha anataka kuona. Mgongoni akiwa chini, mbele yake kuna blauzi yako tu. Mpandishe mpaka macho yake yapite juu ya bega lako na mara nyingi vita vinaisha. Akiendelea, mikono iingie ndani na ukingo wa juu ufike mabegani. Kumgeuza aangalie mbele kifuani si jibu kwa mtoto mzito: uzito wake wote unaegemea mbali nawe, na miguu inakosa kikalio.

Akilala, kichwa kigeuke upande mmoja, shavu liegemee mgongoni kwako, kidevu kisiguse kifua chake. Kati ya kidevu na kifua pabaki nafasi ya vidole viwili. Pandisha ukingo wa kitambaa hadi nyuma ya shingo, usifunike uso, hata kwa kanga nyepesi, hata kwa sababu ya vumbi au jua. Tumia kofia au mwavuli. Mguse kila baada ya dakika chache, na kama husikii kupumua kwake, simama umwangalie.

Dalili: jasho na upele

Miili miwili ikigusana Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Machi, jasho halikwepeki. Tabaka moja la pamba linatosha. Kibebeo chenye sponji nene na bitana ya poliesta kinahifadhi joto mgongoni kwake. Weka kipande cha kanga ya zamani iliyolainika kati yenu, ubadilishe kikilowa, na umtoe kila baada ya saa moja akauke. Joto lipime nyuma ya shingo. Mikono na miguu inadanganya.

Kibebeo chenye kiti cha kiunoni

Vile vyenye kiti kigumu cha sponji juu ya mkanda mpana vimejaa madukani, na vinapendwa kwa sababu mtoto anapanda na kushuka haraka. Kwa matumizi hayo ni vizuri: kumbeba sokoni, kumshusha, kumpandisha. Kwa mwendo mrefu kiti kinamsogeza mtoto mbali na mwili wako kwa upana wa sponji yote, na ukikivaa mbele kinasukuma tumbo. Kivae ubavuni, juu ya nyonga. Mkanda ukijigeuza na kiti kikainama, umelegea au velkro, kile kibandiko chenye vindoano, imejaa nyuzi na nywele. Zichomoe kwa sindano au kitana chenye meno membamba. Velkro isiyosaidiwa na klipu usiiamini na mtoto wa kilo 12.

Ukienda kununua, hasa mitumba

Vibebeo vizuri huonekana kwenye masoko ya Karume, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi, kwa bei ya chini sana kuliko vipya, ila vinataka jicho. Tafuta lebo. Uzito mara nyingi umeandikwa kwa pauni: pauni 25 ni kilo 11.3, pauni 33 ni kilo 15, pauni 45 ni kilo 20.4. Cha pauni 25 kitakufaa miezi michache tu, usidanganywe na sponji. Kisicho na lebo kabisa kihesabu kama kisichojulikana uwezo wake.

Geuza kila mkanda uangalie pale ulipoungana na kitambaa. Mshono wa kuaminika umepita zaidi ya mara moja, mara nyingi kwa umbo la mstatili lenye msalaba ndani. Vuta kwa nguvu zote. Matundu ya sindano yakifunguka ukaona mwanga, kiache. Klipu ifunge kwa mlio, isifunguke ukiivuta bila kubonyeza, na plastiki isiwe na ufa mweupe kwenye meno. Kuna wanaopeleka kwa fundi kibebeo chenye klipu iliyovunjika. Fundi wa mabegi anaweza kubadilisha klipu kwa nyingine ya ukubwa uleule, lakini asitumie uzi wa nguo. Aombwe uzi mnene wa nailoni au poliesta unaoshonea mabegi.

Kwenye mbeleko ya pete, pete ziwe za alumini zisizo na maungio, kipenyo cha ndani cha takriban sentimita 7 kwa kitambaa kinene. Pete yenye alama ya kuchomelewa inaweza kufunguka au kukata kitambaa.

Mbeleko za mfuko, zile zinazomlaza mtoto kwenye kitu kama beseni la kitambaa na mpira pembeni, ziache sokoni. Machi 2010 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitangaza kurudishwa kwa takriban milioni 1 za aina hiyo, zikiwemo SlingRider za kampuni ya Infantino, baada ya vifo vya watoto wachanga 3. Kidevu kinakunjwa kifuani na njia ya hewa inaziba. Kwa mtoto mzito hazifai vilevile kwa sababu hazina kikalio.

Mwisho, jaribu dukani ukiwa na mzigo. Mfuko wa unga wa kilo 10 uliofungwa vizuri ndani ya kibebeo utakuonyesha ndani ya dakika 10 mkanda unapokata, na muuzaji mwenye nia njema hatakukatalia. Kama baba naye atabeba, aje avae pia: mkanda unaomtosha mama hadi mwisho wa urefu wake hautamfikia baba mwenye kiuno kipana. Na kibebeo chochote mtakachochagua, mtoto ashuke kabla ya kupanda bodaboda. Ncha ya kanga inayopepea karibu na mnyororo au gurudumu la nyuma huvutwa kwa sekunde moja, na hakuna fundo la kuzuia hilo.